Mnara Katika Kiwanja cha Parokia: Waulizwe Kwanza Walio Chini Yake

Parokia zetu nyingi za zamani zilijengwa vilimani. Wamisionari walitafuta hewa safi, mbu wachache, na mahali ambapo kengele ingesikika hadi vigango vya bondeni. Leo mhandisi wa mawasiliano anakitafuta kilima kile kile, kwa sababu isiyo mbali na ile ya kengele. Ndiyo maana barua inafika ofisini kwa paroko: kampuni inaomba kipande cha ardhi nyuma ya ghala au kando ya shule, kisichofika hata uwanja wa netiboli, isimike mnara wa simu, nayo italipa kodi ya pango kila mwaka. Paroko anatazama paa la kanisa linalovuja, anatazama tarakimu kwenye barua, anatafuta kalamu.

Tunamwomba aiweke kalamu chini kwanza. Hatusemi hivyo kwa sababu minara ina sumu. Tutaeleza hapa chini kwamba mnara wa simu uliowekwa kwa taratibu hautupi hofu kubwa. Tunasema hivyo kwa sababu haki ya kusimika kitu juu ya vichwa vya watu haitoki kwenye hati ya kiwanja peke yake. Sisi tunaoandika haya bado tuko mwaka wa falsafa, hatuna mhuri wala ofisi. Lakini miaka si mingi, wengi wetu ndio tutakaoletewa karatasi hizo. Afadhali tubishane sasa, wakati ubishi ni wa bure.

Na Kanisa lina historia yake katika jambo hili, ambayo ni nadra kuisikia katika semina zetu za mawasiliano ya jamii. Ilitokea nje kidogo ya Roma.

Radio Vatikani ilizinduliwa na Papa Pio XI tarehe 12 Februari 1931, kwa mitambo iliyojengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe ndani ya bustani za Vatikani. Baadaye bustani zile hazikutosha. Mwaka 1951 Italia na Kiti Kitakatifu zilipatana juu ya eneo la Santa Maria di Galeria, kaskazini-magharibi mwa Roma, lenye zaidi ya hekta 400. Mji wa Vatikani wote una hekta 44, kwa hiyo shamba hilo la antena ni karibu mara kumi ya dola lenyewe. Papa Pio XII alikizindua kituo mwaka 1957. Kutoka pale, kwa mitambo ya masafa mafupi ambayo mingine ilifikia nguvu ya kilowati 500, sauti ilivuka Mediterania na Sahara hadi kwetu. Wazee wetu waliotega masikio kwenye redio za betri kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya Radio Vatikani, sauti ile iliwafikia kwa antena hizo. Habari hii si ya Waitalia peke yao, basi. Sisi tulikuwa upande wa kupokea.

Upande wa kutoa waliishi watu wa Cesano na vitongoji vya jirani. Mwaka 1957 pale palikuwa mashamba. Roma ilipopanuka, nyumba zikasogea karibu na antena, na wakazi wakaanza kulalamika kwamba matangazo ya redio yanasikika ndani ya simu za mlangoni na vyombo vingine vya umeme nyumbani. Unaweza kucheka; wako wanaotamani neno la Papa liingie kila nyumba kwa namna hiyo. Lakini mtu aliyezima redio yake na bado anaisikia mlangoni ana haki ya kuuliza ni nini kingine kinachoingia bila kubisha hodi.

Mwaka 1998 Italia ilitunga kanuni yenye kikomo kikali: volti 6 kwa mita, mahali ambapo watu hukaa saa nne au zaidi kwa siku. Kikomo hicho kilikuwa chini sana ya mapendekezo ya ICNIRP, kamisheni ya kimataifa inayofuatwa na nchi nyingi katika mambo ya mionzi ya redio na simu. Radio Vatikani ilijibu kwamba inafuata mapendekezo hayo ya kimataifa, na kwamba eneo lake lina kinga ya mkataba. Mwaka 2001 waziri wa mazingira wa Italia, Willer Bordon, alitishia kukata umeme wa kituo. Mwaka huo huo pande mbili zilipatana, na redio ikapunguza matangazo ya pale ili kukifuata kikomo cha Italia.

Mwaka 2002 watafiti wa Roma walichapisha matokeo yao katika jarida la American Journal of Epidemiology. Kati ya mwaka 1987 na 1999 waliwahesabu watoto 8 wenye saratani ya damu ndani ya kilomita 10 kutoka kituoni, na waliona hatari ikipungua kadiri umbali ulivyoongezeka. Watafiti wenyewe walitaja udhaifu wa kazi yao: wagonjwa ni wachache, na hapakuwa na vipimo vya mionzi aliyoipata kila mmoja. Wanane. Kwa mtakwimu ni idadi ndogo mno kuthibitisha jambo. Mama wa mmoja wao hahesabu hivyo.

Kesi ya jinai nayo ikawafikia Kardinali Roberto Tucci na Padre Pasquale Borgomeo, Wayesuiti wawili waliokuwa viongozi wa redio. Walishtakiwa kwa kifungu cha 674 cha kanuni ya adhabu ya Italia, kinachokataza kutupa vitu kwa namna ya hatari. Darasani kwetu kifungu hicho kingetosha ubishi wa wiki nzima: wimbi la redio ni kitu? Linatupwa? Mahakama nazo zilibishana. Mwaka 2002 jaji alisema Italia haina mamlaka juu ya kesi hiyo kwa sababu ya Mkataba wa Lateran. Mwaka uliofuata mahakama ya juu kabisa ikakataa. Mwaka 2005 wawili hao walihukumiwa kifungo cha siku kumi, kikasimamishwa. Mwaka 2007 mahakama ya rufani iliwaachilia, na mahakama ya juu ikairudisha kesi tena. Padre Borgomeo alifariki mwaka 2009. Mwaka 2011 upande wa jinai ulikwisha kwa kupitwa na muda, ila wajibu wa kulipa fidia ulithibitishwa. Radio Vatikani haikukubali kamwe kwamba imemdhuru mtu, na hukumu ile ya siku kumi haikuwa juu ya ugonjwa wa mtoto yeyote.

Hatuisimulii kesi hii ili kuwasema marehemu, waliolitumikia Kanisa vizuri. Tunaitazama miaka ile kumi ya mahakama na kuona kwamba sehemu kubwa ilitumika kujadili nani ana mamlaka juu ya nani. Kinga ya mkataba ilikuwa hoja ya kweli kisheria. Kwa jirani wa Cesano haikujibu kitu, kwa sababu hakuuliza juu ya mipaka ya dola. Aliuliza kama mwanawe yuko salama, na kwa nini yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

Sasa turudi kilimani kwetu, na tuwe wakweli: mnara wa simu si Santa Maria di Galeria. Antena ya simu hutoa nguvu ya makumi ya wati. Mitambo ile ilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Tena antena ya simu haimwagi mionzi miguuni pake kama bomba la mvua. Huielekeza mbele, ikiinama kidogo tu, kwa hiyo anayelima chini ya mnara mara nyingi hupata kidogo kuliko aliye mbali kiasi. Kitu kinachompa mtu wa kawaida mionzi mingi zaidi ni simu yenyewe, iliyobanwa sikioni. Na simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ili isikike, kwa hiyo anayeusukuma mnara mbali na shule akidhani anawalinda watoto anaweza kuishia kuiongezea nguvu simu iliyo shavuni mwao.

Wapo watakaosema Shirika la Afya Duniani limekwisha kuitaja mionzi hiyo kuwa inaleta saratani. Haikuwa hivyo. Mwaka 2011 taasisi ya shirika hilo ya utafiti wa saratani, IARC, iliiweka katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ushahidi ukiwa haujitoshelezi. Kundi hilo hilo lina dondoo la jani zima la mshubiri, na bibi zetu wanaukamua mshubiri bila kuitisha mkutano. "Huenda" ni neno la kuheshimiwa. Linatutaka tupime na tuendelee kupima; halituruhusu kutangaza kwamba watu wanauawa.

Lakini nani amesema upinzani wa mnara ni wa mionzi tu? Tulipokuwa katika utume wa likizo vigangoni tulisikia malalamiko ambayo hayahitaji mtaalamu wa fizikia. Jenereta inaunguruma usiku kucha. Dizeli inavuja kuelekea kisimani. Mlinzi ameletwa kutoka mbali wakati vijana wa hapa hawana kazi. Na lile lililotuuma zaidi: kwamba "ushirikishwaji wa wananchi" ulikuwa daftari lililopitishwa nyumba tatu nne jioni moja, watu wakatia sahihi wakidhani wanaandikisha majina tu. Watu waliofanyiwa hivyo wakisema mnara unaleta saratani, sisi wasomi tunawacheka kwa kutojua sayansi. Huenda wametumia neno pekee wanaloamini kwamba mkubwa atalisikiliza.

Sheria zenyewe si mbaya. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005, zinazotaka wananchi washirikishwe. Lipo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na ipo Tume ya Nguvu za Atomiki yenye vifaa vya kupima mionzi. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 1999, wana baraza la kusikiliza rufaa za mazingira, na Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 69, inaitaka serikali ihimize ushiriki wa watu. Ardhi ya kijiji kwetu haigawiwi hivi hivi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti.

Hapo ndipo penye mwanya, na ndipo parokia inapoingia. Kiwanja cha parokia kwa kawaida hakimo katika ardhi ya kijiji. Kina hati yake. Wakala wa mnara anayeona uvivu wa kukaa na mkutano mkuu chini ya mwembe anajua kwamba ng'ambo ya barabara kuna mwenye ardhi mmoja, mwenye mhuri mmoja, anayeheshimiwa kiasi kwamba waliokasirika watanong'ona tu. Tunasema waziwazi: ardhi ya Kanisa inapendwa na wajenzi wa minara kwa ajili ya kilima, na pia kwa sababu watu wa kuulizwa ni wachache. Sifa hiyo ya pili inapaswa kutuumiza.

Sheria ya Kanisa haimwachi paroko peke yake. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na halmashauri ya uchumi, na kanuni ya 1297 inaliachia Baraza la Maaskofu kuweka taratibu za kupangisha mali ya Kanisa, hasa kibali cha mamlaka husika. Hayo yanalinda mali. Majirani je, pamoja na Mwislamu wa nyumba ya tatu ambaye hana kiti katika halmashauri walei, wala hatasikia tangazo la Jumapili? Papa Fransisko katika Laudato Si', aya ya 183, alifundisha kwamba tathmini ya mazingira isije baada ya mpango kuiva, na kwamba wakazi wa mahali wana nafasi ya pekee mezani. Hakusema waumini. Alisema wakazi.

Tunaijua hoja ya upande wa pili, na inatugusa. Wakati sisi tunaitisha mikutano, kuna kata ambayo mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kumpigia bodaboda mpaka mumewe apande mchongoma kutafuta mtandao. Mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana sahihi na kampuni za simu mikataba ya minara 758 katika kata 713 za Tanzania Bara. Kata hizo zote zilikuwa zikisubiri. Na mara nyingi mpinzani hodari wa mnara ni mtu ambaye tayari ana mtandao nyumbani. Majimbo yetu pia yana redio zake, na mnara wa redio huomba kilima vilevile. Tukifungua mlango wa kila pingamizi, hautajengwa hata mmoja.

Hoja hii ingetushinda kama kuulizwa kungekuwa na maana ya kila mtu kupewa kufuli. Sivyo. Mtakatifu Thomas wa Akwino, tunayesoma habari zake asubuhi na kumsahau jioni, anaieleza sheria kuwa agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, linalotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya, na lililotangazwa. Tumezoea kulipita haraka lile neno la mwisho. Agizo ambalo halijatangazwa halijawa sheria, hata kama lina hekima yote. Linganisha na mnara: unaweza kuwa salama, na wa manufaa ya wote, na umeidhinishwa na wenye dhamana, na bado ukawa umeingia kama mwizi kwa kuwa aliye chini yake ameusikia siku ya kumwaga zege.

Papa yule yule aliyezindua Radio Vatikani mwezi Februari 1931, mwezi Mei mwaka huo alitoa waraka wa Quadragesimo Anno, wenye kanuni ya auni: jambo linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo lisinyang'anywe na kubwa. Jumuiya ndogo haiwezi kugawa masafa ya redio wala kupima mionzi. Hiyo ni kazi ya wakubwa. Lakini ni mnara usimame upande gani wa shule, jenereta izimwe saa ngapi, na nani apewe ulinzi, hayo mtaa unayajua kuliko wizara. Kwa hiyo sisi hatutaki jirani apewe kauli ya mwisho juu ya mambo yote. Tunataka aulizwe juu ya yale anayoyajua, apewe majibu ya maandishi juu ya yale asiyoyajua, na kama anakataliwa, aambiwe sababu usoni. Na walio bondeni bila mtandao wawepo kwenye mkutano huo huo, waonane macho kwa macho na wenye nyumba za karibu. Mwenye nyumba akimsikia yule mama, huenda akapunguza ukali. Huenda pia mhandisi akagundua kwamba kilima cha pili kinafaa.

Itakuwaje kama baada ya hayo yote walio wengi wa majirani bado hawataki? Hapa hatukubaliani sote bwenini. Wengine wetu wanasema vibali vikiwa vimetimia, parokia isaini. Walio wengi tunaona kwamba parokia si kampuni. Inaweza kuwa na haki na ikaacha kuitumia. Huko Santa Maria di Galeria kwenyewe mambo yamebadilika: mwaka 2012 redio ilipunguza sana matangazo ya masafa mafupi na ya kati, na mwezi Juni 2024 Papa Fransisko aliagiza sehemu ya shamba lile iwekewe mtambo wa umeme wa jua utakaoenda pamoja na kilimo. Kinga ya mkataba ipo palepale. Matumizi yamehama.

Kwa parokia ambazo barua imekwisha fika, tunaomba yafuatayo. Barua isomwe katika jumuiya ndogondogo zote na kubandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kabla ya halmashauri ya uchumi kukaa. Mkutano uwe wa mtaa mzima, si wa waumini. Kampuni ilete cheti cha mazingira chenyewe, si nakala ya barua ya kukiomba, na ikubali kwa maandishi kupima mionzi baada ya kuwasha mitambo na kuyatoa matokeo kwa Kiswahili. Mkataba useme nani atakayeuondoa mnara muda ukiisha, maana chuma kilichotelekezwa kilimani ni mali ya asiye na pesa za kukishusha. Saa za jenereta ziandikwe. Na kodi ya pango isomwe kanisani na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, mstari mmoja chini ya sadaka ya Jumapili, ili hata yule aliyepinga hadi mwisho aone bati ngapi zimenunuliwa, na aulize zikiwa pungufu.